Kipya Kinyemi: Mashua Kuukuu na Vifaa Visivyotengenezeka

Leo tuweke simu na tarakilishi kando kidogo, twende baharini. Nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na yeyote anayemwambia mwenye mashua kuukuu ya matanga kwamba dawa ya uzee wa chombo ni kukijaza skrini. Wahenga walishasema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Tatizo ni kwamba baharini kidonda hicho kinaweza kukuua.

Kwa wasioujua ulimwengu huu: wako watu wanaonunua mashua za matanga zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980, za futi 30 hadi 40 hivi, mwili wa faibaglasi, wakahamia ndani na kuanza kuzunguka dunia. Si wote ni matajiri. Wako waliouza nyumba, wako waliomaliza kiinua mgongo chote. Wachache hufika kwetu, wakatia nanga katika hori ya Kilifi, wakangoja msimu wa upepo ugeuke kabla ya kuendelea. Hapo ndipo hesabu hupigwa. Kwao, kitu kikiharibika unakwenda dukani. Hapa kipuri kinapanda ndege, kinaketi forodhani, kinalipiwa kodi, na kikifika unagundua ni saizi nyingine. Na kusi na kaskazi hazimngoji mtu. Msimu ukikupita, umekaa miezi.

Hoja yangu ni moja tu. Ukiwa mbali na kwenu, kifaa ni chako iwapo kinaweza kutengenezwa PALE kilipoharibikia. Kisichotengenezeka umekikodi tu, hata kama umelipa bei yote na risiti unayo.

Eti usasa ndio usalama?

Wauzaji wana wimbo mmoja: cha zamani ni hatari, cha kisasa ni salama. Haya, tutazame ushahidi kutoka Bahari Hindi yetu hii hii. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano iitwayo Team Vestas Wind, chombo kipya chenye vifaa vya urambazaji vya hali ya juu, ilikuwa safarini kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Usiku ikapanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Watu wote 9 waliokolewa, alhamdulillahi. Je, miamba hiyo haikuwa kwenye ramani? Ilikuwepo! Lakini ukiitazama ramani ya kielektroniki kwa upana, hatari ile haikuonekana wazi. Ilibidi uikuze. Sisi tunaoandika programu tunaijua hadithi hii vizuri: mtu ofisini aliamua data ipi ifichwe ili skrini isijae. Ramani ya karatasi haina kitufe cha kuficha miamba.

Sasa tazama upande wa pili. Joshua Slocum ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa matanga, kati ya 1895 na 1898. Chombo chake, Spray, kilikuwa mashua chakavu ya kuvulia chaza aliyoiunda upya kwa mikono yake. Alikuwa na saa nzuri ya urambazaji, lakini kuitengeneza kungemgharimu dola 15. Akaiacha nyumbani, akanunua saa ya bati kwa dola 1. Na dunia akaizunguka.

Utasema hayo ni ya kale. Sawa, njoo karibu. Mwezi Aprili 2023, Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini alishinda mashindano ya Golden Globe, ya kuizunguka dunia peke yako bila kutia nanga bandarini. Kanuni zake: mashua iwe ya muundo wa kabla ya 1988, hakuna GPS ya kukuongoza, ni ramani za karatasi na sekstanti. Aliwashinda wanaume wote waliokuwemo. Alikitayarisha chombo chake mwenyewe, kwa hiyo alijua kila msumari uko wapi. Huo ndio usalama ninaouzungumzia mimi. Kukijua chombo chako.

Lugha ambayo kifaa kinazungumza

Sasa tuingie kwenye uwanja wetu. Vifaa vya mashua huzungumza kwa waya. Kuna itifaki kongwe iitwayo NMEA 0183, ya mwaka 1983. Ni ya polepole mno, biti 4800 kwa sekunde. Lakini tazama inavyosema:

$SDDBT,17.1,f,5.2,M,2.8,F*3C

Hayo ni maandishi ya kawaida. Hata kama hujawahi kukanyaga mashua unaweza kukisia. Kipima kina kinasema chini kuna futi 17.1, au mita 5.2, au pima 2.8. Ile 3C ya mwisho ni hesabu ya kuhakikisha ujumbe haukuharibika njiani: unachukua herufi zote zilizo kati ya $ na *, unazipitisha kwenye XOR moja moja, basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika kwa mistari mitano.

Mrithi wake ni NMEA 2000. Huyu ana kasi ya biti 250,000 kwa sekunde na waya mmoja unabeba vifaa vyote. Kiufundi ni bora, sikatai. Lakini ujumbe wake ni wa baiti ambazo jicho halizisomi, na nyaraka za kukueleza maana yake zinauzwa. Ilibidi watu wa programu huria, katika mradi wa canboat, wakae wasikilize waya na kukisia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Fikiria hilo vizuri: mwenye mashua amenunua kifaa, amekifunga mwenyewe, na bado hana ruhusa ya kujua kinasema nini kumhusu!

Mwaka jana niliitwa Kilifi na mzee mmoja wa ng'ambo, mashua yake imeundwa 1978. Skrini kuu ilikuwa imekufa, na ilipokufa ilikwenda na usukani wa umeme, kwa sababu mipangilio yote ilikuwa imefungwa ndani ya skrini ile. Motor ya usukani ilikuwa nzima kabisa. Kampuni, jina nalihifadhi, ikajibu apeleke kwa wakala aliyeidhinishwa, ambaye wa karibu alikuwa nchi nyingine. Tukampelekea fundi wa elektroniki Mtwapa, mtu ambaye hufufua televisheni zilizokwisha kuzikwa. Akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia. “Kijana wangu, hii haina hata skrubu. Wameimiminia gundi.”

Chini ya sakafu ya mashua ile kulikuwa na kipima kina cha zamani ambacho mzee alikuwa karibu kukitupa. Nikaunganisha waya wake kwenye tarakilishi yangu kwa kebo ya bei rahisi, nikafungua programu huria ya OpenCPN, na kina kikaonekana papo hapo. Hakuna aliyeniuliza nywila, wala leseni. Kifaa cha zamani kilizungumza na mgeni, kile kipya kilikufa kimya na siri zake.

Au chukua mfano wa GPS. Katika ishara yake ya asili, nambari ya wiki imepewa biti 10 tu. Inahesabu kutoka 0 hadi 1023, kisha inarudi 0. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Vipokezi vya zamani ambavyo programu yake haikuandaliwa vilianza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Ukiilisha tarehe hiyo programu ya maji kujaa na kupwa, unapata bamvua siku ya maji mafu. Dawa yake? Ongeza wiki 1024. Mstari MMOJA. Kama kifaa kinatoa maandishi ya wazi unaweza kukirekebisha nje kwa programu ndogo. Kama kimefungwa, na kampuni imeshaacha kukishughulikia, unatupa kipokezi kizima kwa ajili ya kujumlisha.

Injini na waya za mlingoti

Ugonjwa huu haukai kwenye skrini tu. Mashua nyingi za umri ule zina dizeli ya kimitambo, kama Perkins 4-108. Inataka mafuta safi, hewa na mgandamizo. Nozeli zikichoka, pampu ya maji ikipasuka mpira wake, kuna fundi Mombasa anayejua la kufanya, kwa sababu ni jamaa ya injini ambazo amezifungua maisha yake yote. Mwenye mashua anashauriwa aing'oe aweke mpya inayoongozwa na tarakilishi. Ni kweli, mpya hula mafuta kidogo na haitoi moshi mwingi. Lakini sensa moja ikidanganya katikati ya bahari, injini nzima inaweza kukataa kazi, na anayeweza kuiuliza kwa nini ni mwenye mashine ya kampuni.

Waya za chuma zinazoshikilia mlingoti ni hivyo hivyo. Wengi huzibadilisha kila baada ya miaka 10 hadi 15. Ncha zake ziko za aina mbili. Moja hubanwa kwa mashine kubwa ya karakana. Nyingine hufungwa kwa spana, juu ya sitaha, hata ukiwa umetia nanga. Ya pili ni ghali kidogo siku ya kununua. Ila siku uzi mmoja wa waya unapokatika mbali na karakana yoyote, hutaikumbuka bei.

Na hapa sihitaji kwenda ng'ambo kutafuta mwalimu. Fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, amekuwa akiishi kwa kanuni hii tangu enzi za mababu. Maji yakipwa, chombo kinakaa mchangani, pamba na mafuta vinaingizwa kati ya mbao, maji yakijaa chombo kinaelea. Hakuna sehemu ya jahazi ambayo ufukwe hauwezi kuitengeneza. Sisi tunamwita mshamba, kisha tunamlipa mtu wa ng'ambo atuuzie sanduku lisilo na skrubu.

Najua mtakayosema

“Basi turudi kwenye sekstanti?” Hapana jamani. Teknolojia ndiyo inayonilisha. Katika mashindano yale yale ya Golden Globe, Novemba 2022, mashua ya Tapio Lehtinen wa Ufini ilizama Bahari Hindi kusini kwetu huko. Kifaa chake cha dharura kikaita kupitia setilaiti, na aliyekwenda kumtoa kwenye boya lake la kuokolea alikuwa Neuschäfer huyo huyo. Kifaa kile kimefungwa kabisa, na bado nitakiweka kwenye chombo chochote. Kwa nini? Kwa sababu kina betri yake, kina kazi moja, na kikifa hakifi na usukani. Hasira yangu ni kwa kifaa kinachojifanya moyo wa chombo halafu kinakataa daktari.

“Lakini vya kufunga vinazuia maji ya chumvi.” Kweli, chumvi ni adui. Ila ringi ya mpira na skrubu nne pia huzuia maji. Gundi inamzuia fundi.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga chochote kwenye mashua kuukuu, kipe Jaribio la Kilifi:

1. Kikifa hapa, nani anaweza kukifungua kwa vifaa vilivyopo hapa?
2. Kikifa, kinakufa peke yake au kinaburuta vingine?
3. Kinatoa data kwa lugha ambayo programu nyingine inaielewa, kama NMEA 0183 au Signal K?
4. Kinafanya kazi bila intaneti, bila akaunti, bila kampuni kuwa hai?
5. Kazi yake inaweza kufanywa kwa mkono mpaka ufike bandarini?

Kikishindwa maswali mawili, kiache dukani. Pesa hizo nunua waya mpya za mlingoti, nanga nzito na mipira ya pampu ya akiba.

Neno la mwisho ni kwetu sisi waandishi wa programu. Gundi ile haikumiminwa na wauzaji peke yao. Kuna mwenzetu aliyeandika msimbo wa kuuliza leseni ndani ya usukani, akalala usingizi. Ukipewa kazi kama hiyo, dai angalau mambo mawili: nyaraka za itifaki ziwe wazi, na kampuni ikiacha kukishughulikia kifaa ifungue mlango kwa wengine. Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wahenga. Hawakujua kwamba siku moja usukani utakuwepo, mzima kabisa, umefungiwa nywila.