Hoja Sita za Majimaji: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania, na Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania.

YAH: UTAFITI WA WANAFUNZI KATIKA MASOMO YA SAYANSI YA JAMII, SEKONDARI



Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa kwa nini wapiganaji wa Majimaji walishindwa, jibu analo kwenye kaunta buku: silaha duni, kukosa umoja, imani katika maji ya dawa, Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na nyingine mpaka zitimie hoja sita. Amezinakili ubaoni, amezikuta tena kwenye desa la tuisheni, na siku ya mtihani atazimwaga kwa Kiingereza, utangulizi juu na hitimisho chini. Alama atapata. Lakini akiulizwa hoja hizo zilijulikanaje, nani alisema na nani alisikia, hana la kujibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaka aulize.

Nchi hii imewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliingia vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya 1905 hadi 1907. Katika miaka hiyo hiyo Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa wakikusanya na kuchapisha kumbukumbu za vita hivyo. Wazee walieleza kilimo cha pamba cha lazima, viboko vya maakida, na jinsi habari za Kinjekitile, mganga wa maji ya dawa wa Ngarambe, zilivyovuka mto na kilima. Hadi leo, anayeandika kwa makini juu ya Majimaji hawezi kuiruka kazi ile. Na wanafunzi waliowahoji wazee hao walikuwa vijana, wakubwa kidogo tu kuliko wanafunzi wa kidato cha sita.

Kwa hiyo baadhi ya yanayokaririwa leo madarasani yalipatikana kwa sababu wanafunzi waliuliza.

Wala mada ya Majimaji haijafungwa. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mjini Songea, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa, akaomba msamaha. Wajukuu hao bado wanataka kujua kichwa cha babu yao, kinachosemekana kuchukuliwa na Wajerumani, kiko wapi. Mwanafunzi wa Songea anaweza kwenda kwa miguu mpaka Makumbusho ya Majimaji. Hoja sita za daftarini hazimpi hata swali moja la kubeba.

Jiografia nayo ina mada ya utafiti. Wanafunzi wengi huisoma kwa kukariri maana ya utafiti, aina zake na hatua zake, wakamaliza bila kumhoji mtu hata mmoja. Wakati huohuo, shule za Magomeni na Kigogo, Dar es Salaam, ziko jirani na bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande. Kwa futi ya kupimia, daftari na wazee wawili wa mtaa, darasa linaweza kupima maji yalipofika ukutani, kuchora ramani ya nyumba zilizozama na kuuliza kwa nini baadhi ya watu walirudi bondeni. Hiyo ni Jiografia kamili, na gharama yake ni ndogo.

Sayansi ya jamii imebandikwa jina baya kwa muda mrefu: aliyeshindwa hesabu aende mchepuo wa sanaa. Ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri tahasusi za sayansi ni jambo jema, na barua hii haiupingi. Lakini tahasusi zilizotangazwa mwaka 2024 zina kundi zima linaloitwa sayansi ya jamii. Basi wanaosoma kundi hilo wafundishwe kupima, kuhoji, kulinganisha ushahidi na kukubali kwamba ushahidi unaweza kuwakanusha.

Yanayoombwa ni matatu. Kwanza, kila mtihani wa Historia na Jiografia uwe na swali lenye nguvu la ushahidi ambao mwanafunzi hajawahi kuuona: kipande cha barua ya zamani, ramani, au jedwali la Sensa ya 2022, aulizwe unaonyesha nini na unaficha nini. Pili, kila mwanafunzi afanye utafiti mmoja mdogo ndani ya kata yake, na uhesabiwe katika alama za maendeleo ya shuleni. Tatu, utafiti huo uruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili, kama somo la Historia ya Tanzania na Maadili linavyofundishwa kwa Kiswahili. Bibi wa Kilwa hahojiwi kwa Kiingereza.

Walimu watasema madarasa yamejaa, na ni kweli. Ndiyo maana inaombwa kazi moja, kwa vikundi, isiyohitaji nauli. Wengine watahofia kazi za kununua steshenari. Swali likihusu kisima cha kijiji hiki au soko la mtaa huu, hakuna wa kuuza jibu lake, na mwalimu akimsikiliza mwanafunzi akijieleza kwa dakika tano atajua kama alikwenda.

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024. Walimu hufundisha kile kinachotahiniwa, na wanafunzi husoma hivyo hivyo. Tafadhali, Taasisi iuandike utafiti huu kwenye mihtasari, na Baraza liupe alama kabla mazoea ya hoja sita hayajahamia kwenye mtaala mpya.