Si Kila Kijani ni Lishe
Maji ya bwawa yageukapo kijani, mfugaji wa perege hufurahi, kwani perege hula mwani. Mwani wa maji baridi uitwao Chlorella, ukikaushwa na kuchanganywa kidogo na pumba na unga wa dagaa, huongeza karotini na vitamini E. Viini hivyo huzuia oksijeni isiharibu mafuta na seli za mwili wa samaki. Lakini Microcystis, jamii ya bakteria wa kijani-buluu ambayo hutanda katika Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, hutoa sumu idhuruyo ini. Kwa hiyo mwani wa kulishia usichotwe ovyo bwawani, bali ukuzwe peke yake na kuchunguzwa. Shule yenye hadubini yaweza kumwonyesha mfugaji jirani tofauti hiyo kabla hajapoteza samaki wake.