Umaskini usitufungie mlango wa mgeni

 

Ndugu msomaji, vijana wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoasisiwa mwaka 1961, huishi na wenzao wa mataifa mengi. Warudipo likizo, husimulia ukarimu wa Waarabu. Mwenyeji hushika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na kumpa mgeni finjani kwa mkono wa kulia, pamoja na tende. Finjani hujazwa kidogo tu, na huongezwa mpaka mgeni aitikise kuashiria kwamba ametosheka. Kwa desturi ya kale ya mabedui, mgeni hakuulizwa haja yake hadi siku tatu zipite.

Hapa Kasulu na Kibondo wasikilizaji huvutiwa, kisha wengine huguna: "Sisi tutavitoa wapi?" Hapo ndipo penye maradhi. Wapo wanaojifanya hawapo mgeni anapobisha hodi. Si kwa uchoyo, bali kwa kuona haya kwamba jikoni hamna nyama. Wengine hukopa ili waonekane, mgeni akiondoka wakabaki na deni.

Mtume (SAW) amefundisha kwamba kumkirimu mgeni ni katika kumwamini Allah na Siku ya Mwisho. Haki ya ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Lakini pia amemkataza mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake dhiki. Na yeye mwenyewe alipouliza kitoweo nyumbani, akaambiwa hamna ila siki, aliila huku akiisifu. Nabii Ibrahim (AS) aliwaandalia wageni ndama aliyenona, naye hakuwatangazia. Alikwenda kwa ahali yake kimya kimya. Mwenye ndama atoe ndama, mwenye maharage atoe maharage.

Buha imewapokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi na, tangu mwaka 1996, wa Kongo pale Nyarugusu. Nchi iliyowapokea watu waliofika mikono mitupu haina sababu ya kuonea haya kidogo ilicho nacho.

Basi tusitamani finjani tukasahau kilichomo ndani yake, nacho ni heshima ya mgeni. Leo baada ya swala ya Ijumaa, mkaribishe nyumbani aliyesimama safu moja nawe na usiyemjua. Ugali wa muhogo na maharage, ukitolewa kwa uso mkunjufu, ni karamu.