Mwacheni Mama na Hamira Yake

Kila msako wa pombe ukifika huku kwetu Sigalagala na Khayega, kuna uongo mmoja unaofika nao: eti pombe ya nyumbani huua kwa sababu imechachushwa na "uchafu wa jana". Uchafu wanaousema ni yale mashapo mazito yanayobaki chini ya mtungi, ambayo mpishi wa busaa huyachota kidogo kuanzishia pombe mpya. Chifu huusema barazani, mhubiri huurudia Jumapili, halafu kijana fulani anausambaza WhatsApp akiwa ameongeza picha ya fuvu. Wote watatu wamekosea, na kosa lao lina gharama.

Yale mashapo ni hamira. Ni viumbe hai, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, vinavyokula sukari na kutoa kileo na hewa. Hamira haiishi kwa kutumika mara moja, inazaana. Ndiyo maana viwanda vya bia duniani huivuna na kuitumia tena. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga hamira safi ya aina moja, na viwanda vikaanza kuilea kama mfugaji anavyolea mbegu nzuri ya ng'ombe. Huko Norway wakulima walikausha hamira ya ukoo, wanaiita kveik, juu ya pete za mbao na kurithishana. Leo maabara za Marekani zinaiuza kwa pakiti. Burkina Faso, akina mama wanaopika dolo ya mtama huikausha ile ya chini ya chungu na kuanza nayo tena. Mnorwe akifanya hivyo ni urithi wa taifa. Mama wa Sigalagala akifanya, ni kielelezo mahakamani. Tafadhali.

Vifo viko, sivifichi. Nairobi mwaka 2000, kumi kumi iliua zaidi ya watu 100. Mwaka 2014 makumi wengine wakafa Embu, Kiambu na kwingineko. Lakini muuaji katika misiba ile alikuwa methanoli, spiriti ya viwandani ambayo mtu mwenye tamaa huitia kwenye kinywaji ili kipige haraka. Hamira haiwezi kukutolea methanoli ya kuua kutoka kwa wimbi na mahindi. Ile kidogo inayojitokeza pombe ikichacha hutokana na pektini, na pektini iko kwa matunda zaidi, si nafaka. Tena busaa haitoneshwi kama chang'aa. Hunywewa ilivyo, na uzito wake wa uji.

Ukitaka kuogopa kitu cha kweli, ogopa mahindi. Mwaka 2004 sumukuvu ya aflatoksini iliua watu 125 kule Ukambani, na hao hawakufa kwa pombe, walikufa kwa chakula chao cha kila siku. Sasa sikiliza watu wakichambua mahindi yaliyoshika kuvu: "Hayo weka kando, ni ya pombe." Kuchacha hakuondoi sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kuukaanga unga kwenye bati hakuimalizi. Ogopa pia pipa lililokuwa na kemikali. Nimesubiri sana kusikia haya yakisemwa barazani, lakini barazani ni uchafu wa jana tu.

Na kuvuna hamira kwa usalama si uchawi. Mashapo ya busaa yamechanganyika na kimea na bakteria za uchachu, kwa hivyo huwezi kuyaosha yakatakata kama ya kiwandani, na nyumba nyingi hazina friji. Basi ukali unaongezeka. Unachota siku ile ile unapochuja, kutoka kwa mtungi uliotoka vizuri pekee. Kata imwagiwe maji yanayotokota. Chupa ya glasi ichemshwe, na kifuniko kisikazwe, maana hewa itaipasua. Tumia kesho au kesho kutwa. Mwenye friji anaweza kufika wiki moja. Ikiota ukungu, ikigeuka rangi ya waridi, ikinuka kitu kilichooza, mwaga, na usionje kwanza (najua wapishi, lazima waonje). Na baada ya mizunguko michache anza upya na kimea kipya, kwa sababu bakteria huishinda hamira polepole.

Sasa niambie, nani atafuata hayo yote mtungi ukiwa umefukiwa katikati ya mahindi? Usafi unataka maji, mwanga na muda. Mtu anayetega sikio kusikia pikipiki ya chifu haoshi kata mara mbili. Haweki hamira nzuri pia, kwa sababu chupa hiyo ndiyo itakayomfunga. Sheria ya vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980, tukaambiwa sasa mambo ni wazi. Wazi kwa nani? Leseni, viwango na chupa zenye nembo si vitu vya mama mwenye mitungi miwili nyuma ya jikoni.

Nitaulizwa kama nataka vijana waishe. Sitaki. Nina watu wa rika langu ambao pombe imewamaliza, na mama zao nawasalimia kila siku. Ila ulevi ni ugonjwa unaotaka matibabu, na sumu ni jambo lingine. Kumwaga mtungi hakumtibu mlevi, anavuka tu barabara kununua kitu kikali zaidi. Anayebaki mikono mitupu ni mpishi. Karo yangu ya mwaka wa kwanza chuo kikuu ilitoka kwenye busaa ya shangazi. Ya mwaka wa pili haikutoka, kwa sababu mitungi ilikuwa imepasuliwa, nami nikarudi nyumbani.

Hapa Sigalagala tuna chuo cha taifa cha ufundi, kando kabisa ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Naomba Jumamosi moja kwa mwezi. Wapishi waje na kata zao, wafundishwe kuchemsha vyombo, kutambua kuvu, kujua hamira iliyokufa na iliyo hai, na asikamatwe mtu langoni. Chifu naye aalikwe. Akae mbele, aangalie kwenye hadubini kile ambacho amekuwa akimwaga.