Gofu Karen: Wengine walitazama mpira, mfugaji akatazama nyasi

MKULIMA anapoalikwa kucheza gofu katika klabu kubwa, aghalabu kinachomsumbua kwanza ni mavazi. Je, shati lazima liwe na ukosi? Viatu vipi vinaruhusiwa? Mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa kutoka Kiambu, ambaye hucheza kwa kujiburudisha katika uwanja mdogo wa mashimo tisa, alikuwa na wasiwasi huo huo alipoalikwa na mwanachama kucheza Karen Country Club, Nairobi. Jioni aliporejea nyumbani hakuzungumzia mavazi, wala alama zake ambazo hazikuwa za kujivunia. Alizungumzia nyasi.

Alikuwa na haki. Uwanja wa gofu ni shamba, hata kama wanaokanyaga humo hawapendi kuuita hivyo. Una udongo unaopimwa, mbolea inayonunuliwa kwa magunia, maji yanayopigiwa hesabu, wadudu, magugu na vibarua wanaoamka kabla ya jua. Tofauti ni kwamba mavuno yake hayaendi sokoni. Mnunuzi ndiye huja shambani, akalipia kutembea juu ya zao kwa saa nne au zaidi kisha akaliacha pale pale.

Karen yenyewe ina historia ambayo kila mkulima wa kahawa angefaa kuijua. Mwandishi Karen Blixen kutoka Denmark alifika nchini mwaka wa 1914 na kuendesha shamba la takriban ekari 6,000 chini ya vilima vya Ngong, kahawa ikiwa kwenye ekari kama 600. Mahali hapo ni juu mno na baridi kwa kahawa. Ukame ukaongezea, bei ya dunia ikaanguka, na mwaka wa 1931 kampuni ikasalimu amri. Ardhi iliuzwa, ikakatwa viwanja vya makazi, na katika sehemu yake klabu ya gofu ikafunguliwa mwaka wa 1937. Mwaka huo huo kitabu chake kuhusu shamba hilo, Out of Africa, kilichapishwa. Shamba lililomfilisi mwenyewe likampa jina duniani, lakini hilo halilipi deni la benki.

Kahawa ilikataa, nyasi zikakubali. Na nyasi zilizokubali katika njia za kuchezea si za kutoka ng'ambo. Ni nyasi ya Kikuyu, ile ile ambayo mkulima wa nyanda za juu huing'oa kwenye viazi akiilaani kwa kuwa kipande kimoja cha mzizi kikibaki, baada ya mvua mbili shamba limefunikwa tena. Mpira ukitua kwenye nyasi hiyo iliyokatwa fupi, hukaa juu kana kwamba umewekwa kwa mkono. Ukipotea pembeni inakoachwa irefuke, huzama, na fimbo hunaswa kama panga kwenye matete. Mfugaji wetu alipoteza mipira minne humo kabla ya shimo la tisa. Kedi wake, kijana mpole aliyeujua kila mteremko, alimshauri aache kutumia nguvu na atumie fimbo fupi kurudi njiani kwanza. Hakusikia mara ya kwanza. Ya pili alisikia.

Nyasi hii imesafiri kuliko wakulima wengi wanaoifyeka. Uwanja wa Riviera Country Club, Los Angeles, ambako wachezaji mashuhuri wa dunia hushindana, njia zake zimeota nyasi ya Kikuyu, na ugumu wake ni sehemu ya sifa ya uwanja huo. Wakati huo huo serikali ya Marekani imeiorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Huku kwetu ni lishe. Ikipata mvua na mbolea ya naitrojeni, ng'ombe huila vizuri na hustahimili kukanyagwa kuliko aina nyingine nyingi. Ni zao, ni gugu na ni zulia, kutegemea anayeitazama.

Jambo moja lisemwe waziwazi hapa, kwa sababu wapo wafugaji wanaoomba nyasi zilizokatwa viwanjani wakidhani wamepata lishe ya bure. Viwanja vya gofu hupuliziwa dawa za magugu, kuvu na wadudu ambazo nyingi hazikukusudiwa malisho. Aidha, nyasi ya Kikuyu iliyomwagiwa mbolea nyingi inaweza kubeba naitreti ya kumdhuru ng'ombe, na nyasi mbichi zikirundikwa gunia hupata joto na kuoza upesi. Asiyejua kilichopulizwa na lini, asimpe ng'ombe wake.

Kuna dai jingine linalopendwa sana mjini: kwamba biashara kubwa hufanywa uwanjani, na kwamba mfanyabiashara mdogo asiyecheza gofu amejifungia mlango. Dai hili lina chembe ya ukweli. Watu wanne wakitembea pamoja saa nne bila simu hufahamiana kuliko wakikutana ofisini mara kumi. Lakini ada ya kujiunga na klabu kubwa za Nairobi huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, kabla ya ada za kila mwezi, fimbo, mipira na malipo ya kedi. Fedha hizo hununua mitamba kadhaa wa gredi, au hujaza rafu za duka la pembejeo msimu wa kupanda. Mwenye duka anayetoa mtaji wake ili atembee na meneja wa benki atagundua kwamba siku ya kuomba mkopo, meneja yule yule atamwomba taarifa za akaunti. Hataulizia jinsi anavyopiga mpira.

Kwenda kama mgeni ni jambo tofauti. Mgeni hulipa ada ya siku, huona, na hurudi na mtaji wake mfukoni. Tena anayekwenda na macho ya biashara ataona mengi yasiyohitaji uanachama. Klabu ina jiko linalopika kila siku, na jiko hilo hununua mayai, maziwa, viazi, kuku na mboga. Kikundi cha wakulima kinachoweza kuleta viazi vya ukubwa mmoja kila wiki bila kukosa, pamoja na ankara iliyoandikwa sawasawa, kina la kuzungumza na mnunuzi wa jiko kuliko mtu mmoja mwenye gunia moja leo na kesho hana. Ila kikundi kiulize mapema malipo hutoka baada ya siku ngapi. Mkulima mdogo hawezi kusubiri miezi mitatu kana kwamba yeye ndiye benki.

Na kuna uaminifu. Gofu ya kawaida haina refa anayekufuata. Mpinzani wako ndiye anayeandika alama zako, nawe zake, na mwishoni mnatia sahihi. Katika shimo la 14 mfugaji wetu aliondoa kijiti karibu na mpira, mpira ukasogea upana wa vidole viwili. Wenzake walikuwa mbali, na kedi alikuwa akitazama kwingine. Kanuni husema mpira urudishwe mahali pake na mpigo mmoja uongezwe. Aliurudisha, akauongeza, akawaambia. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, akiona kipimo kikiingizwa kwenye mkebe wa jirani anayeongeza maji, anajua mpigo huo mmoja una thamani gani.

Alimaliza kwa mipigo 104, katika mchezo ambao hodari humaliza kwa 72. Kabla ya kuondoka alimtafuta msimamizi wa nyasi na kumuuliza hupima udongo mara ngapi. Kisha akakiri kwamba malisho yake yeye hayajawahi kupimwa hata mara moja tangu aanze kufuga. Wiki iliyofuata alichimba sampuli kutoka pembe nne za shamba na moja ya katikati, akazichanganya kwenye ndoo safi, akapeleka kilo moja kwenye maabara.