Pima Kwanza, Nunua Spea Baadaye

Kazi zimenizidi, na juu yake gari langu likaamua kunifundisha somo ambalo nilidhani nilishalimaliza chuoni. Leo basi hakuna kodi wala programu mpya. Leo ni feni.

Wanaoishi Nairobi wanaijua Julai yetu. Mtu wa Mombasa akisikia gari lina hita atacheka, lakini hapa Umoja asubuhi ya manyunyu, ukibeba abiria watatu wanaopumua, kioo cha mbele kinafunga ukungu kabla hujafika Outer Ring. Feni ya hita ndiyo inayosukuma hewa kavu yenye joto kwenye kioo. Ikizima, unaendesha kwa kukisia.

Yangu ilikuwa inazima inapotaka. Siku mbili nzima, ya tatu imekufa, jioni imefufuka. Asubuhi moja ilizima nikikaribia Donholm. Nikawa nafuta kioo kwa mkono wa sweta huku gari linatembea (kosa langu, nakiri), na nilipopata kijidirisha cha kuonea, mbele yangu kulikuwa na mtu anavuta mkokoteni. Nilifunga breki, nikasimama karibu naye mno. Alinitazama tu, akaendelea na safari. Siku hiyo niliona hili si suala la starehe tena.

Nikaenda kwa fundi. Bila shaka mnajua kilichotokea: feni ikavuma vizuri kabisa, kama mtoto anayepona homa mlangoni mwa daktari. Fundi akasema, "Kijana, hiyo ni rizista." Tukabadilisha. Baada ya wiki, imekufa. Fundi wa pili akasema, "Mota imechoka." Nikashuka Kirinyaga Road, nikanunua mota ya mtumba. Siku nne, imekufa tena. Elfu saba na ushei zimekwenda, na ukungu uko palepale.

Hapo ndipo nilipojicheka. Mimi kazini, mteja akisema "mfumo unakwama wakati mwingine", siendi kununua seva mpya. Nasoma logi kwanza. Mwaka 1985 Jim Gray, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Tandem, aliandika karatasi maarufu kuhusu kwa nini kompyuta husimama. Aligawa mabagi mafungu mawili. Yapo yaliyo thabiti, ukirudia hatua zilezile yanatokea tena. Hayo aliyaita kwa jina la Bohr. Na yapo yanayotoweka ukianza kuyachunguza. Hayo aliyaita kwa jina la Heisenberg. Feni yangu ilikuwa ya fungu la pili, na mimi nilikuwa naitibu kama ya fungu la kwanza.

Basi nikaweka daftari ndani ya gari. Kila ikizima naandika (nikishasimama!): saa ngapi, spidi gani, imefanya kazi dakika ngapi, nimepita tuta au la, mvua ipo au haipo. Baada ya wiki mbili nilikuwa na mistari kumi na mmoja, na mistari hiyo ilisema mambo matatu:

1. Ikizima, inazima spidi zote, hata ya nne. Kwenye magari mengi yenye swichi ya kuzungusha, spidi za chini hupitia rizista, lakini ya juu kabisa huziruka. Kama kosa lingekuwa rizista, ya nne ingebaki hai. Kwa hiyo fundi wa kwanza alikosea, na ushahidi ulikuwa mkononi mwangu tangu mwanzo.

2. Matuta hayana habari nayo. Mota ambayo kaboni zake zimelika mara nyingi huamka ukiigonga. Yangu niliigonga, ikanyamaza.

3. Inazima baada ya kama robo saa ya spidi ya juu, na inarudi ikipumzika. Yaani joto. Ndiyo maana kwa fundi ilikuwa nzima: nikizima gari na kusubiri zamu yangu, imeshapoa.

Jumapili nikachukua multimita. Hapa kuna mtego ambao wengi wetu tunaingia. Ukichomoa plagi ya mota na kupima waya, utasoma volti 12 safi hata kama njia ni mbovu, kwa sababu multimita haivuti umeme wa maana. Lazima upime feni ikiwa inazunguka, inabeba mzigo. Nikagusisha sindano nyuma ya plagi bila kuichomoa, injini inanguruma, spidi ya nne, nikasubiri.

Upande wa umeme unaoingia: karibu volti 13.6, haubadiliki. Upande wa kurudi, unaopitia swichi kwenda kwenye bodi ya gari, ulipaswa kuwa karibu na sifuri. Ulianza na 1. Dakika kumi baadaye, 3. Kisha 5, feni inasinzia. Kisha feni ikasimama na upande huo nao ukasoma 13.6. Njia ya kurudi imekatika.

Nikavua swichi kwenye dashibodi. Plagi yake ilikuwa na pini moja ya kahawia na plastiki iliyoyeyuka. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu: mota ikivuta ampea 15 na plagi ikipoteza volti 3, hizo ni wati 45 za joto kwenye kipini kidogo. Ni joto la chuma cha fundi redio cha kulehemu, liko nyuma ya dashibodi yako! Pini ikipata joto inalegea, ikilegea inapata joto zaidi. Na fyuzi haitakuokoa, kwa sababu hiyo huhesabu ampea tu, na muunganisho mbovu hupunguza ampea. Tafadhali usithubutu kuweka fyuzi kubwa zaidi.

Dawa: plagi iliyokatwa na mikia yake ya waya kutoka gari bovu, Kariobangi Light Industries, shilingi 300. Nilichomoa betri, nikaunga waya vizuri, nikarudisha. Majira ya baridi yamekwisha na haijazima tena.

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtanipinga. Ni rahisi kuwatukana mafundi wa jua kali, lakini kosa kubwa ni letu. Fundi akikaa saa mbili na multimita halafu aseme "ni pini hii tu", tunampa mia mbili na kulalamika. Akibadilisha mota kwa dakika ishirini, tunalipa bila kunung'unika kwa sababu tumeona chuma kipya. Tumemfundisha kwamba kufikiri hakulipi. Wateja wangu wa programu nao hufanya vivyo hivyo: wiki ya kutafuta bagi wanaiita uvivu, mistari mitatu ya marekebisho wanaiita kazi.

Mimi nimebadilika. Fundi wangu sasa namwambia mapema: utafutaji una bei yake, hata kama hutabadilisha kitu. Na mimi nakuja na daftari. Mara ya kwanza alilitazama, akacheka, kisha akalisoma mpaka mwisho.

Wewe je, ni spea ipi uliyonunua bure? Niandikie, nisicheke peke yangu.