Wanaocheza Padri Wasifukuzwe

Wako wazee ambao, wakiwakuta watoto ufukoni mwa Mahagi-Port wakicheza Misa, kitenge cha mama mabegani mahali pa kasula, huwafukuza wakisema ni kufuru. Mimi nawapinga.

Mapokeo yasimulia kwamba Askofu Aleksanda wa Aleksandria aliwaona watoto wakibatizana kando ya bahari, na “askofu” wa mchezo wao alikuwa Atanasi. Hakumchapa, alimlea. Mwaka 328 Atanasi akarithi kiti chake.

Hata katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, mchezaji aweza kujifanya kasisi anayefunga majeraha ya wenzake kwa sala. Nafasi hiyo yavutia kwa sababu moyo wa kijana watamani kuponya. Je, tamaa hiyo ni dhambi?

Lakini mchezoni jeraha hupona kwa neno moja. Hapa Ituri, jeraha la aliyekimbia vita lataka maji, kitambaa na mtu wa kukesha naye. Basi mzee, badala ya kumfukuza mtoto, mshike mkono, umpeleke kwa mgonjwa. Nawe kijana, ukiisha kucheza, umfuate.